Mwindaji Akishika Kalamu

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu vitabu vya uwindaji, na hasa vile vilivyoandikwa juu ya wanyama wala watu: chui milia na chui wa Bara Hindi, na simba wa nchi zetu wenyewe. Vitabu hivi vina wasomaji wengi, wazee kwa vijana, wake kwa waume, na sababu yake si vigumu kuijua, kwa kuwa hofu ya mnyama anyatiaye gizani ni katika hofu kongwe za binadamu, nasi sote hupenda kuisikia habari yake tukiwa tumeketi salama, na mlango umetiwa komeo. Lakini nimekuja na dai moja ambalo naomba mlipime pamoja nami: kwamba thamani ya kitabu cha mwindaji haimo katika risasi iliyomwangusha mnyama, wala katika urefu wa ngozi iliyotandazwa chini, bali imo katika mambo mawili, yaani insafu ya mwandishi juu ya sababu iliyomfanya mnyama amgeukie mwanadamu, na uaminifu wake katika kuwahesabu na kuwakumbuka waliokufa.

Vitabu vingi vya zamani haviwezi kusimama mbele ya mizani hiyo. Katika zama za utawala wa Waingereza Bara Hindi, kuua chui milia kulikuwa mchezo wa fahari wa wafalme na mabwana. Mfalme George wa Tano, baada ya sherehe zake kuu za Delhi, alikwenda kuwinda Nepal mwezi wa Desemba 1911, na kwa muda usiotimia wiki mbili yeye na wafuasi wake waliua chui milia 39 na vifaru 18, wakipiga bunduki kutoka juu ya migongo ya tembo, ilhali wanyama wamekwisha kuzungukwa pande zote. Fahari ya namna hiyo ilizaa maandishi ya namna yake, ambayo msomaji huyafunga akiwa anajua kipimo cha kila mnyama tangu ncha ya pua hadi ncha ya mkia, lakini hajui jina hata la mtu mmoja katika maskini wale waliopita msituni kwa miguu, wakipiga ngoma na makelele ili mnyama awatokee mabwana. Maandishi hayo yana ujabari, nao ujabari usio na ibra haumfai msomaji kitu.

Kinyume cha hayo ni Edward James Corbett, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Jim Corbett. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika Naini Tal, mji wa milimani katika nchi ya Kumaon, kaskazini ya Bara Hindi, akiwa mtoto wa mkuu wa posta wa mji huo. Alifiwa na baba yake angali mdogo, wala hakupata elimu ya vyuo vikubwa; alikwenda kufanya kazi ya reli, na kwa muda uliozidi miaka ishirini alikaa Mokameh Ghat, ukingoni mwa mto Ganges, akisimamia makuli waliohamisha shehena kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Aliishi na watu hao, akasema lugha yao, akala jasho lake pamoja nao, na habari zao baadaye aliziandika kwa mapenzi makubwa katika kitabu cha My India, kilichotoka mwaka 1952. Nataja kazi yake hiyo kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyezoea kuwajua makuli kwa majina yao hawezi, siku atakapoandika juu ya msiba wa kijiji, kuwaandika wanakijiji kana kwamba ni miti ya msituni.

Kitabu kilichomtangaza duniani, Man-Eaters of Kumaon, kilitoka mwaka 1944, naye umri wake unakaribia miaka 70. Kisa chake cha kwanza ni cha chui milia jike wa Champawat. Mnyama huyo alikuwa ameua watu 200 katika nchi ya Nepal kabla ya kufukuzwa na watu wenye silaha na kuvuka mpaka, akaingia Kumaon, na huko akaua wengine 236. Mwaka 1907 mkuu wa wilaya alimwomba Corbett aende akamkabili, naye alikubali kwa masharti mawili: kwanza, zawadi zote za fedha zilizotangazwa juu ya kichwa cha mnyama zifutwe, na pili, wawindaji wengine wote waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wawindao kwa tamaa ya malipo, wala hakutaka kuuawa msituni kwa risasi ya mtu aliyebabaika. Sharti la kwanza lanipendeza mno, maana lilikuwa ahadi kwamba aendako anakwenda kuwahami watu.

Alipofika kijiji cha Pali aliwakuta watu wamejifungia majumbani mwao, siku kadhaa baada ya mwanamke mmoja kuchukuliwa alipokuwa akikata majani ya kulisha ng'ombe. Usiku wa kwanza Corbett aliamua kukesha nje chini ya mti, akitumaini kwamba mnyama atapita njiani. Na hapa ndipo uaminifu wa kalamu yake unapodhihirika, kwa kuwa haandiki kwamba alikesha kama shujaa, bali akiri wazi kwamba aliupitisha usiku ule mrefu meno yakimtatarika, kwa baridi na kwa hofu, na kulipokucha watu wake walimkuta amelala usingizi. Mwandishi mwenye ghururi angaliificha hofu hiyo. Yeye aliiweka mbele, ili msomaji atambue ni mzigo gani uliowalemea wanakijiji wale mwaka baada ya mwaka, hali wao hawakuwa na bunduki.

Amesimulia pia habari ya mwanamke aliyepoteza usemi. Mwanamke huyo alikuwa akikata majani pamoja na dada yake, na chui milia akamchukua dada yake mbele ya macho yake. Naye, kwa mapenzi yaliyoshinda akili, alimfukuza mnyama huku ameshika mundu, akipiga kelele amwachie nduguye, hata mnyama alipomgeukia ndipo akarudi mbio kijijini, na alipotaka kueleza yaliyopita akajikuta ni bubu. Baada ya mnyama kuuawa, Corbett aliichukua ngozi akaenda kumwonyesha, na usemi wake ukamrudia. Katika vitabu vyote vya uwindaji nivijuavyo, sikumbuki ngozi ya mnyama iliyotumiwa kwa jambo jema kuliko hilo.

Mtu wa mwisho kuuawa na mnyama huyo alikuwa msichana wa miaka kama 16 au 17, aliyekuwa akiokota kuni karibu na Champawat. Corbett aliifuata alama ya damu peke yake, akayaona mabaki, akayaandika kwa maneno machache yaliyojaa huruma. Siku ya pili yake, tahsildar, yaani mtoza kodi wa mahali pale, alikusanya watu 298 kutoka vijiji vya jirani, wengine wakiwa na bunduki mbovu na wengine na mashoka na marungu. Wakasimama juu ya mlima, wakapiga makelele yaliyomtoa mnyama katika maficho yake. Corbett alikuwa na risasi tatu tu, nazo zikamwishia kabla mnyama hajaanguka. Ikambidi kukimbia kuchukua bunduki ya tahsildar, na kwa bunduki hiyo kuukuu ndipo kazi ikakamilika. Kwa hiyo ushindi ule, kwa maneno yake mwenyewe mwindaji, haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa watu waliokuwa wamejifungia majumbani, wakapata moyo wakatoka.

Sasa tazameni alifanya nini baada ya hapo. Badala ya kupima urefu wa mzoga na kujipongeza, alikifungua kinywa cha mnyama, akaona kwamba chonge za upande wa kulia zilikuwa zimevunjika, ya juu nusu yake na ya chini mpaka mfupani, kwa jeraha la risasi ya zamani. Mnyama hakuweza tena kuyashika mawindo yake ya asili, akaliendea windo lisilo na pembe wala mbio, nalo ni binadamu. Kwa maneno mengine, mtu fulani asiyejulikana, aliyepiga bunduki vibaya na kwenda zake, alikuwa na sehemu katika vifo vya watu 436. Hii ndiyo insafu niliyoitaja. Corbett airudia katika visa vyake vingi: chui milia jike wa Muktesar alikuwa amepofuka jicho moja na kujaa miiba ya nungunungu mwilini kabla hajamgusa mtu, wengine walikuwa wazee walioishiwa na nguvu, na wengi walijeruhiwa na wawindaji wasiojali kumfuata mnyama waliyemtia jeraha. Hamwiti mnyama shetani, wala hamsingizii uovu asiokuwa nao.

Kisa cha chui wa Rudraprayag, ambacho alikiandikia kitabu kizima, kina ibra nzito zaidi. Rudraprayag ni mahali ikutanapo mito miwili, Alaknanda na Mandakini, katika njia ya mahujaji wa Kihindu waendao mahekalu ya Kedarnath na Badrinath. Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia nzima ilifika huko, watu wakafa kwa wingi, hata walio hai wakashindwa kuwachoma maiti wao kama dini yao inavyoamuru. Wakawa wanatia kaa la moto kinywani mwa marehemu kwa kutimiza wajibu, kisha huuporomosha mwili bondeni. Kwa rai ya Corbett, huko mabondeni ndiko chui alikojifunza kula nyama ya mtu, na maradhi yalipokwisha akaja kuitafuta majumbani. Kwa miaka minane, tangu 1918 hadi 1926, njia ile ya ibada ilikuwa njia ya mauti, na serikali iliandika vifo 125.

Katika vifo hivyo kuna kimoja ambacho msomaji hawezi kukisahau. Mvulana yatima wa miaka 14, wa tabaka la watu waliodharauliwa, aliajiriwa kuchunga mbuzi 40, na usiku akawa analazwa pamoja nao katika chumba kidogo, mlango umefungwa kwa nje. Chui aliufungua mlango, akapita katikati ya mbuzi bila ya kumdhuru hata mmoja, akamchukua mvulana. Asubuhi mwenye mali alihesabu mbuzi wake, nao wakatimia. Corbett hakutoa hotuba juu ya jambo hilo, lakini kwa kulisimulia tu alimpa yatima yule kaburi ambalo jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kumchimbia, na kila aisomaye habari ile humwombea rehema mtoto asiyekuwa na wa kumlilia. Chui mwenyewe aliuawa mwanzoni mwa Mei 1926, chini ya mwembe wa Golabrai kando ya njia ya mahujaji, baada ya Corbett kukesha juu ya mti ule usiku mwingi mfululizo.

Tuje sasa kwetu. Mwaka 1898 Luteni Kanali John Henry Patterson alifika Mombasa na kutumwa Tsavo kujenga daraja la reli iliyokuwa ikielekea Uganda. Kwa muda wa miezi simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, waliingia makambini usiku, wakapenya maboma ya miiba na kuwatoa watu mahemani. Makuli wa Kihindi, kwa hofu iliyowafika, walilala juu ya reli kulizuia gari moshi, wakapanda wakakimbilia Mombasa, na ujenzi ukasimama. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili kabla ya mwaka kwisha. Kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kilitoka mwaka 1907, na ngozi za simba alizouza baadaye zimo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago.

Patterson alikuwa shujaa bila shaka, na mwandishi mwenye kujua kuvuta pumzi ya msomaji. Alimtaja jemadari Ungan Singh, aliyechukuliwa hemani mbele ya wenzake. Alimtaja Abdullah, askari aliyeuawa alipokuwa akifuatana na ofisa wa wilaya. Tena alifanya jambo jema sana kwa kulihifadhi mwishoni mwa kitabu chake shairi refu lililotungwa kwa Kihindustani na fundi mmoja wa daraja, aitwaye Roshan, juu ya mateso ya Tsavo. Nalo ni ushahidi kwamba miongoni mwa makuli walikuwamo watu wenye akili na lugha ya kuisema huzuni yao. Lakini anapofika penye hesabu, kalamu yake inaonyesha upungufu wa zama zake na wa serikali aliyoitumikia: Wahindi 28 walihesabiwa, ama Waafrika waliouawa asema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba haikuwekwa orodha yao. Baadaye akaitaja jumla ya watu 135. Na wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba wale walitoa rai yao mwaka 2009 kwamba walioliwa yumkini walikuwa kiasi cha 35. Tofauti hiyo kubwa isingalikuwapo lau kila mtu angaliandikwa. Mkamba, Mtaita au mtu wa pwani aliyeliwa Tsavo alikuwa na mama kama Ungan Singh, na jina lake lilikuwa na haki ya mstari mmoja katika daftari.

Sababu nazo zilikuwapo, ingawa Patterson hakuzichungua kama Corbett. Katika miaka ile ya 1890 sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe na nyati, na mawindo ya simba yakapungua. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilipita Tsavo, na wasafiri walioshindwa kwa maradhi au uchovu waliachwa njiani. Na simba wa kwanza, wataalamu walipomchunguza, alikutwa na chonge iliyovunjika na usaha katika shina lake. Vivyo hivyo Rufiji: simba aliyeuawa huko mwezi wa Aprili 2004, baada ya watu wapatao 35 kupoteza maisha, alikuwa na jipu kubwa chini ya gego. Tangu chonge za Champawat hadi gego la Rufiji ni karibu miaka mia, lakini fundisho ni lile lile.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya kale. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika wilaya za kusini. Aghalabu msiba hutokea wakati wa mavuno, mkulima anapolala katika dungu shambani kuwahami mahindi na mpunga wake na nguruwe mwitu. Nguruwe huja kwa ajili ya mazao, simba humfuata nguruwe, kisha humkuta mtu amelala juu ya miti minne na paa la nyasi. Hapa ufukara ndio mlango auingiao simba. Na habari za Njombe, ambako simba walisumbua watu tangu mwaka 1932 hata 1947, tumezipokea zaidi kwa kalamu ya George Rushby, mlinzi wa wanyama aliyewaua simba hao. Idadi ya watu 1,500 waliouawa, itajwayo mara kwa mara, ni makadirio, si orodha.

Corbett mwenyewe alikuja kumalizia umri wake kwetu. Baada ya Bara Hindi kupata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Nyeri, Kenya. Muda mrefu kabla ya hapo alikwisha kuiweka bunduki nyuma na kuitanguliza kamera, akifuata mfano wa F. W. Champion, ofisa wa misitu aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba chui milia aweza kupigwa picha porini, naye akawa mtetezi wa mnyama yule yule aliyemletea sifa, akionya kwamba watu wasipoamka, atatoweka. Alifariki tarehe 19 Aprili 1955, akazikwa Nyeri. Mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1936 katika nchi yake ya Kumaon ilipewa jina lake, na huko ndiko serikali ya India ilikoanzisha mwaka 1973 mradi wa kuwahifadhi chui milia, ambao mwaka mmoja kabla walikisiwa kuwa kiasi cha 1,800, na katika hesabu ya 2022 wakapatikana wasiopungua 3,167. Mwindaji aliyeandika kwa insafu amesaidia kumwokoa mnyama aliyemwinda, na hiyo ni kudura ya kalamu.

Wasikilizaji watukufu, hitimisho langu ni hili. Someni vitabu vya uwindaji, na wapeni vijana wenu wavisome, lakini kila mkifungua kimoja kiulizeni maswali mawili: mnyama huyu alikuwa na sababu gani, na waliokufa wametajwa? Kisha tujiulize na sisi, kwa kuwa karibu vitabu vyote nilivyovitaja jioni hii vimeandikwa na wageni waliokuja na bunduki, na wenyewe waliolala katika madungu, waliozika jamaa zao, waliomfuata simba kwa mikuki na mishale, hawajaandika cha kutosha. Wazee wa Rufiji, Lindi, Njombe, Taita na Ukambani waliobaki na habari hizi wanaondoka mmoja mmoja. Basi nawaomba walimu wa shule zilizo karibu na mapori, na wanafunzi wao wanaojua kusoma na kuandika, wachukue daftari na kalamu, wakaketi mbele ya wazee hao kwa adabu na kwa idhini yao, wakaandike majina ya waliouawa, mahali na mwaka, mnyama alikuwa wa namna gani na kijiji kilifanya nini. Kazi hiyo haihitaji bunduki wala fedha nyingi, nayo ndiyo deni letu kwa wafu wasiohesabiwa.